Kutabiri mechi za vyuo za Machi: tafuta asilimia kwanza, jina la mshindi baadaye

Swali: Naishi Minneapolis. Kila Machi kazini kwetu tunajaza karatasi ya mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani. Tuko watu kama 40, kila mmoja anatoa mchango mdogo, na mwenye pointi nyingi anachukua zote. Mimi huangalia namba iliyopewa timu, rekodi yake ya msimu na jina la chuo. Mkeka wangu huchanika kabla ya Ijumaa jioni. Je, kuna hesabu inayoweza kunisaidia, au ni bahati tu? Na nitajuaje timu ndogo ipi itamng'oa kigogo?

Jibu: Ndugu yangu, hesabu ipo, na si ngumu kwa mtu anayejua kutumia Excel. Ila itakupa asilimia tu. Kuuliza "nani atashinda?" hakukufikishi mbali. Swali lenye jibu ni hili: mechi hii ikichezwa mara 100, timu hii itashinda ngapi? Ukishapata asilimia za mechi zote, kujaza karatasi ni kazi ya pili, na ina kanuni zake kulingana na mnavyogawa pointi na idadi yenu. Watu wengi huzichanganya kazi hizi mbili, na hapo ndipo mikeka inapochanikia.

Kwa wasomaji walio mbali na Marekani, mashindano yenyewe yako hivi. Mashindano ya wanaume ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, yalianza 1939, na tangu 2011 yana timu 68. Mwaka 2025 timu 31 ziliingia kwa kutwaa ubingwa wa ligi zao, na 37 zilichaguliwa na kamati. Mechi 4 za mchujo huchezwa Dayton, Ohio, kisha hubaki timu 64 katika kanda 4, kila kanda ikiwa na timu namba 1 (bora kuliko zote) hadi 16 (dhaifu kuliko zote). Namba 1 hukutana na 16, 2 na 15, hivyo hivyo hadi 8 na 9. Ni mtoano wa mechi moja moja, jumla mechi 63. Kwa kurusha shilingi, kupatia zote 63 ni nafasi moja kati ya zaidi ya trilioni milioni 9. Hilo liache kabisa. Wewe unashindana na wenzako 39.

Namba za kamati zina habari nyingi, kwa hiyo hukukosea kuanza nazo. Mashindano yalifikisha timu 64 mwaka 1985. Tangu hapo hadi 2025, ukitoa 2020 ambapo hayakuchezwa, namba 1 na namba 16 wamekutana mara 160. Namba 1 amefungwa mara 2 tu: chuo kidogo cha UMBC kilimfunga Virginia mwaka 2018, 74 kwa 54, na Fairleigh Dickinson wakamfunga Purdue mwaka 2023, 63 kwa 58. Namba 15 wameshinda mara 11 kati ya 160. Namba 14 humfunga namba 3 karibu mara moja katika 7, namba 13 humfunga namba 4 karibu mara moja katika 5, na namba 12 humfunga namba 5 zaidi kidogo ya mara moja katika 3. Mechi ya 8 na 9 ni nusu kwa nusu.

Tatizo ni kwamba kamati hutoa namba kama tuzo ya kazi iliyokwisha kufanyika. Inatazama timu imemfunga nani na wapi. Kumfunga ugenini mpinzani aliye ndani ya 75 bora kunahesabiwa sawa na kumfunga nyumbani aliye ndani ya 30 bora. Utaratibu huo ni wa haki kwa kuchagua nani aingie, lakini haupimi vizuri timu itacheza vipi wiki ijayo. Timu iliyoshinda mechi sita kwa tofauti ya pointi moja moja hupewa namba nzuri, ilhali ushindi wa namna hiyo haujirudii kwa urahisi. Ndiyo maana namba 5 wawili wa mwaka mmoja wanaweza kupishana sana kwa nguvu halisi, na faida yako iko kwenye pengo hilo.

Nguvu halisi hupimwa kwa pointi katika mashambulizi 100. Tusitumie pointi za mechi, kwa sababu timu moja hucheza haraka na nyingine huchelewesha mpira hadi sekunde 30 za kutupa zinakaribia kuisha. Idadi ya mashambulizi haiandikwi kwenye takwimu za kawaida za mechi, lakini unaweza kuikadiria: chukua mitupo yote ya uwanjani, toa ribaundi za kushambulia (mipira iliyokosa kikapu ikadakwa tena na timu iliyotupa), ongeza mipira iliyopotezwa, kisha ongeza mitupo huru mara 0.475. Timu iliyotupa mara 58, ikapata ribaundi za kushambulia 10, ikapoteza mipira 11 na kupiga mitupo huru 20, imekuwa na 58 − 10 + 11 + 9.5, yaani mashambulizi 68.5. Ikiwa ilifunga pointi 75, hizo ni 109.5 kwa mashambulizi 100. Ikiwa ilifungwa 66, ni 96.4. Tofauti ni +13.1.

Fanya hivyo kwa mechi zote za msimu, karibu 30 kwa kila timu, upate wastani. Halafu ongeza nguvu ya wapinzani, na hatua hii usiiruke kamwe. Daraja la kwanza la vyuo lina timu zaidi ya 350, na tofauti kati ya ligi kubwa na ndogo ni kubwa mno. Kila timu ipe wastani wa tofauti zake, kisha ongeza wastani wa wapinzani wake. Wapinzani nao wakishapata namba mpya, rudia. Baada ya mizunguko kadhaa namba zitatulia. Timu yenye +15 katika ligi dhaifu inaweza kushuka hadi +5, na yenye +12 katika ligi ngumu ikapanda hadi +25. Ukiona kazi hii ni kubwa, watakwimu Ken Pomeroy na Bart Torvik huchapisha namba za aina hii kwa timu zote, na za Torvik zinasomwa bure. Soma namba zilizokwisha kurekebishwa kwa nguvu ya wapinzani, usichukue ghafi.

Mechi za Novemba zipe uzito mdogo kuliko za Februari. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhamia chuo kingine bila kukaa nje msimu mzima, kwa hiyo timu nyingi huanza msimu zikiwa na watu wasiojuana. Lakini usiende kasi upande wa pili ukategemea wiki mbili za mwisho peke yake. Mechi 4 au 5 ni chache mno. Timu iliyotwaa ubingwa wa ligi yake Jumapili kwa kuingiza mitupo ya pointi tatu mingi kuliko kawaida haijabadilika kuwa timu nyingine.

Sasa tugeuze nguvu kuwa asilimia. Tuseme timu A ina +28 na B ina +12. Tofauti ni 16 kwa mashambulizi 100. Mechi ya kawaida ina karibu mashambulizi 68 kwa kila upande, kwa hiyo A anatarajiwa kushinda kwa 16 × 0.68, karibu pointi 11. Faida ya nyumbani, ambayo ni kama pointi 3, usiiweke, kwa sababu mechi za wanaume huchezwa viwanja visivyo vya timu yoyote. Matokeo halisi huyumba kuzunguka matarajio kwa kipimo cha karibu pointi 11. Andika Excel =NORM.S.DIST(11/11,TRUE) na utapata 0.84. A ana asilimia 84. Tofauti ya nguvu ikiwa 8, matarajio ni pointi 5.4 na uwezekano ni asilimia 69. Tofauti ya 4 inatoa 60, ya 24 inatoa 93, na ya 32 inatoa karibu 98.

Angalia vizuri hiyo ya 69. Timu inayoonekana wazi kuwa bora, ambayo watangazaji wote wataitaja kuwa mshindi, hufungwa karibu mara moja katika kila mechi tatu.

Kuyumba huko kunatoka wapi? Sehemu kubwa ni mitupo ya pointi tatu. Chukua timu inayotupa tatu 22 kwa mechi na kuingiza asilimia 34. Inatarajiwa kuingiza 7 au 8, lakini bahati peke yake humsogeza mtupaji kwa mitupo 2 na kidogo juu au chini, yaani karibu pointi 7. Ukiweka timu mbili pamoja, tofauti ya alama inayumba kwa pointi 9 hivi kabla hujagusa waamuzi, faulo au ribaundi. UMBC walipomfunga Virginia, nusu ya kwanza iliisha 21 kwa 21, kisha wakafunga 53 nusu ya pili, na katika mechi nzima waliingiza tatu 12 kati ya 24. Purdue mwaka 2023 waliingiza 5 kati ya 26. Hakuna takwimu ya msimu ingekuonyesha namba hizo mapema.

Kwa sababu hiyo kuna takwimu moja ya kuishuku: asilimia ya tatu ambayo wapinzani wameingiza dhidi ya timu fulani. Mlinzi anaweza kupunguza idadi ya mitupo, lakini mpira ukishaondoka mkononi hana la kufanya. Timu inayosifiwa kwa ulinzi kwa sababu wapinzani wamekosa tatu nyingi ina uwezekano mkubwa wa kurudi kwenye wastani. Ulinzi wa karibu na kikapu ni imara zaidi. Msimu wa 2008–09 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, alizuia mitupo zaidi ya 4 kwa mechi akiwa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), na wapinzani waliobadilisha mchezo kwa kumkwepa hawakuandikwa kwenye takwimu hiyo. UConn walimpoteza Jerome Dyson kwa jeraha la goti Februari ile, na bado wakafika nusu fainali wakiwa namba 1. Ulinzi wa aina hiyo husafiri vizuri hadi Machi.

Na hapa ndipo swali lako la kumng'oa kigogo linapopata jibu. Anza na nguvu. Tafuta namba 11, 12 au 13 ambaye pengo lake na mpinzani ni chini ya 6 kwa mashambulizi 100. Kila mwaka yupo mmoja au wawili, mara nyingi timu ya ligi ndogo iliyoshinda sana lakini kamati haikuiamini. Halafu tazama nguzo nne alizozipanga mtakwimu Dean Oliver: ubora wa mitupo, kupoteza mpira, ribaundi za kushambulia, na mitupo huru. Alizipa uzito wa karibu 40, 25, 20 na 15. Ubora wa mitupo hupatikana kwa kuchukua mitupo iliyoingia, kuongeza nusu ya tatu zilizoingia, na kugawa kwa mitupo yote. Timu ndogo yenye nafasi ni ile isiyopoteza mpira hovyo, inayotupa tatu nyingi, na isiyoachia ribaundi. Kigogo anayetegemea kunyang'anya mipira akikutana na mchezesha timu mtulivu hupoteza silaha yake kuu.

Utasikia pia kwamba timu ndogo icheze polepole ili kupunguza mashambulizi. Ni kweli, lakini faida yake huongezwa chumvi. Mashambulizi yakipungua, kuyumba kwa matokeo nako hupungua kidogo, kwa hiyo kwa pengo lile la 16, mechi ya mashambulizi 75 inampa kigogo asilimia 85. Ya mashambulizi 60 inampa 82. Ni pointi tatu za asilimia tu. Usimchague mtu kwa sababu hiyo peke yake.

Kosa linaloua mikeka mingi liko hapa. Watu wanajua kwamba katika mechi nne za 5 na 12, namba 12 hushinda moja au mbili. Kwa hiyo wanachagua namba 12 wawili. Hesabu inakataa. Ukichagua namba 5 wote wanne kwa asilimia 65, unatarajia kupatia 2.6. Ukichagua 12 wawili kwa kukisia, unatarajia 2.0. Kujua kwamba mmoja ataanguka hakukuambii ni yupi. Mchague namba 12 pale tu namba zako zinapompa zaidi ya 50, au pale sababu za karatasi zinapolazimisha, kama nitakavyoeleza.

Majeruhi ndiyo habari pekee ya dakika za mwisho inayostahili kubadilisha namba zako. Ratiba hutoka Jumapili jioni na karatasi nyingi hufungwa kabla ya mechi ya kwanza Alhamisi mchana, kwa hiyo una siku tatu na ushee. Virginia waliingia mashindano ya 2018 bila De'Andre Hunter aliyevunjika kifundo cha mkono. Upande wa wanawake, Stanford namba 1 walifungwa na Harvard namba 16 mwaka 1998, 71 kwa 67, baada ya kupoteza wachezaji wawili muhimu kwa majeraha ya goti. Kwangu nyota wa timu akikosekana napunguza pointi 3 hadi 5 kwenye matarajio ya mechi, na mchezaji wa kawaida wa kikosi cha kwanza pointi 1 au 2. Zaidi ya hapo ni hofu. Angalia pia mechi ambazo timu ilicheza bila yeye. Kama alikuwa nje tangu Januari, namba za msimu zimeshambeba nusu.

Uzoefu wa kocha, rangi ya jezi, "mwaka wao", kisasi cha msimu uliopita: viache.

Kama una shaka na asilimia yako, ilinganishe na odi za sokoni, yaani za kampuni za kubeti. Odi ya 1.40 ni 1 ÷ 1.40, yaani 0.714, ya 3.00 ni 0.333. Jumla ni 1.047, kwa sababu kampuni imeweka faida yake. Gawa kila moja kwa 1.047 na utapata asilimia 68 na 32. Ukiwa umepishana na soko kwa zaidi ya asilimia 8, kwa kawaida kuna jeraha hukulisikia au hukurekebisha wapinzani.

Sasa karatasi yenyewe. Nafasi ya kufika mbali unaipata kwa kuzidisha, ukizingatia kila mpinzani anayewezekana. Namba 1 ana 98 katika mechi ya kwanza. Mechi ya 8 na 9 ni 52 kwa 48, naye atamfunga 8 kwa asilimia 80 au 9 kwa 82. Kuvuka mechi ya pili ni 0.98 × (0.52 × 0.80 + 0.48 × 0.82), sawa na asilimia 79. Endelea hivyo. Timu yenye 95, 80, 70, 62, 58 na 55 katika mechi sita ina asilimia 10 tu ya ubingwa, ingawa inapewa nafasi kubwa katika kila mechi. Mwaka 2025 namba 1 wote wanne walifika nusu fainali, lakini hilo limetokea mara mbili tu, nyingine ikiwa 2008. Mwaka 2023 hapakuwa na namba 1, 2 wala 3 hata mmoja katika hizo nne.

Mfumo wa kawaida wa pointi ni 10, 20, 40, 80, 160 na 320. Bingwa mmoja ana thamani ya mechi 32 za raundi ya kwanza. Kwa hiyo jaza kutoka katikati kwenda nje: chagua bingwa, kisha timu nne za mwisho, kisha nane, na mechi za Alhamisi ziwe za mwisho. Wewe bila shaka huanza na Alhamisi, na nguvu zako zote zinaishia kwenye mechi za pointi 10. Namba 1 wametwaa karibu theluthi mbili ya mataji tangu 1985, kwa hiyo bingwa wako atoke hapo au kwa namba 2 au 3 mwenye nguvu sawa nao.

Bingwa yupi, inategemea idadi yenu. Katika kundi la watu 200, tuseme timu X ina asilimia 20 za ubingwa na imechaguliwa na 60, timu Y ina 12 na imechaguliwa na 12. X akishinda unabanana na 60. Y akishinda unashindana na 12. Ukigawa, 0.20 ÷ 60 ni 0.0033 na 0.12 ÷ 12 ni 0.010. Y ni bora mara tatu. Katika kundi la watu 8, faida hiyo hupungua sana, kwa sababu unaweza kushinda hata kama bingwa wako ametolewa. Huko chagua mwenye asilimia kubwa kila mahali na uwaache wenzako wajiumize. Ninyi 40 mko katikati. Sikiliza wenzako wanampenda nani. Hapo Minneapolis timu yoyote ya jirani itachaguliwa kuliko inavyostahili, basi mwepuke huyo na uchukue wa pili au wa tatu kwa nguvu.

Mkijaza pia mashindano ya wanawake, badilisha kitu kimoja: raundi mbili za kwanza huchezwa kwenye viwanja vya timu 16 za juu, kwa hiyo ongeza zile pointi 3 za nyumbani. Mapengo ya nguvu huko ni makubwa zaidi, na vigogo huanguka mara chache. Kuchagua namba 13 au 14 huko ni kutupa pointi.

Mashindano yakiisha, usijipime kwa pointi za karatasi, maana zimejaa bahati. Kwa kila mechi chukua asilimia uliyompa mshindi kama desimali, toa kutoka 1, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha tafuta wastani wa mechi 63. Mtu anayesema 50 kwa 50 kila mahali hupata 0.25. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa asilimia za namba za kamati nilizokupa juu. Mashindano ya mwaka mmoja hayatoshi kukuhukumu, kwa hiyo ijaribu fomula kwa misimu kadhaa iliyopita, ukitumia namba za nguvu za kabla ya mashindano tu. Ukichukua za mwisho wa msimu, zimeshameza matokeo unayotaka kutabiri na utajiona hodari bure. Ikiwa hushindi namba za kamati, rudi kwenye marekebisho ya wapinzani kabla ya kugusa kitu kingine.